Mwanga wa Meza ya Pembeni

Gikondo, Kigali
9 Februari 1992

Mdogo wangu Cassien,

Nakuandikia kwa Kiswahili chetu cha Buyenzi, mtaa tuliokulia, kwa sababu mbili. Kirundi changu cha kuandika mama alikuwa akikicheka hadi anakufa, na Silvère mume wangu hasomi Kiswahili. Anakizungumza tu na mafundi wa gari. Sitaki asome haya. Huku wote tu wazima, watoto wanakohoa kidogo kwa sababu ya mvua, na la kukutia wasiwasi nimeliweka katikati ya barua ili usiliruke.

Kazi yangu unaijua. Chumba kimoja kirefu nyuma ya karakana za magari, wanawake kumi na wawili, kila mmoja na cherehani yake, na mimi ndiye mkubwa wao. Mwaka huu tunashona kanzu nyeusi za waseminari. Kila mshonaji ana rangi yake ya uzi, anatia nukta ya rangi hiyo ndani ya ukosi, ili kanzu ikirudi na kasoro patroni, tajiri wetu, ajue wa kumwita. Uzi wangu ni mwekundu. Wiki iliyopita zimerudi kanzu sita, mishono ya mbele imekwenda kama mlevi anayetafuta kwao, na zote sita zina nukta nyekundu.

Bwana Arthur, patroni wetu, si mtu wa kelele. Alizitandaza mezani moja baada ya nyingine, kisha akanitazama. Kiswahili alikipata Goma akiuza vitenge, kwa hiyo alisema nami kwa lugha yangu: "Maman Mukunde, macho yako imechoka. Mi sikufukuze leo. Tumika mpaka Pasaka, kisha bakia nyumbani, upumuzike." Alisema kwa upole kabisa. Heri angepiga meza.

Lori la Silvère limesimama tangu vita vifunge barabara ya kaskazini. Meza yangu ndiyo inayotulisha watu saba. Hilo sina namna ya kulipamba.

Sasa wewe unauza taa, na unazipima. Mwandikie Bwana Arthur kwenye karatasi yenye muhuri wa duka lenu, useme mwanga wa chumba chetu ni mbaya. Taa zenyewe ni za neoni, mirija minne, imebandikwa kule juu darini. Tia maneno mawili ya kitaalamu na sahihi yako. Yeye huheshimu karatasi, na hakuna atakayebisha.

Dada yako,
Mukunde


Bujumbura
18 Februari 1992

Dada Mukunde,

Barua yako imefika jana, ikiwa imefunguliwa njiani na kufungwa tena na mtu asiye na gundi nzuri. Natumaini alijifunza jambo kuhusu kanzu.

Siwezi kuandika kwamba mwanga ni mbaya kabla sijaupima. Usikunje uso, nitakueleza. Watu huingia dukani wakisema, "Nipe taa kali." Ukali wa taa ni habari ya taa. Anayeshona hashoni taa. Kinachomhusu ni mwanga unaotua juu ya meza yake, na huo hupimwa palepale unapotua. Kipimo chake kinaitwa luksi. Luksi moja ni mwanga wa mshumaa mmoja juu ya karatasi iliyo umbali wa mita moja, ikiutazama mshumaa uso kwa uso. Ukiipeleka karatasi mita mbili hupati nusu, unapata robo. Ukiilaza mshazari, mwanga uleule unatandazwa kwenye eneo kubwa zaidi na kila mahali panapata haba. Ndiyo maana taa nzuri iliyotundikwa vibaya ni taa mbaya. Kwa kazi ya sindano, vitabu vyetu vinataka luksi mia tano na kuendelea juu ya meza.

Kama una haraka, kuna kipimo cha bei nafuu. Dondosha tone la mawese katikati ya karatasi nyeupe, uisimamishe mezani, upande mmoja utazame taa na upande wa pili mshumaa. Doa likionekana jeupe kuliko karatasi, mwanga wa nyuma umezidi. Likionekana jeusi, wa mbele umezidi. Likipotea, pande mbili ziko sawa. Sogeza mshumaa mpaka doa lipotee, kisha niandikie umbali. Kwa taa za darini kipimo hiki hakiaminiki sana, lakini kinashinda kukisia.

Katikati ya Machi nitapeleka taa katika hoteli moja ya Kiyovu, huko huko Kigali. Nitapita kwenu na kipima-mwanga cha duka. Nikikuta mwanga mbaya nitaandika mbaya, na mihuri miwili.

Ni mimi,
Cassien


Gikondo
1 Machi 1992

Cassien wangu wa vitabu,

Nimekuomba barua, umenipa somo na kazi ya nyumbani. Basi nikatafuta mawese. Nimedondosha, nimesimamisha karatasi, nimewasha mshumaa mchana kweupe katikati ya wanawake kumi na mmoja. Mmoja akauliza kama napika. Nyiramana, yule anayeongoza rozari, akasogeza kiti chake mbali nami na bado hajakirudisha. Doa lilipokaribia kupotea, umeme ukakatika, na sote tukapotea pamoja nalo. Umbali wangu ni huo.

Njoo tu na mashine yako. Nimewaambia wenzangu kwamba mdogo wangu anakuja kutoka Bujumbura kupima chumba, na tangu hapo hawana stori nyingine. Kaliza ameniuliza kama unakula mbuzi. Kaliza ni msichana wa miaka ishirini na tatu anayekaa meza ya mwisho, pembeni, karibu na pasi za mkaa. Ana mtoto mchanga, na mume yuko mbali na haandiki. Nimemwambia unakula kila kitu isipokuwa maneno ya watu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari hii mwenyeji ana haraka ya kupona. Pasaka ni tarehe kumi na tisa Aprili.

Mukunde


Bujumbura
20 Machi 1992

Dada Mukunde,

Nimefika salama. Kutoka Kigali mpaka mpakani Akanyaru tulisimamishwa mara nyingi, na kila askari alitaka kujua kipima-mwanga ni silaha ya aina gani. Mmoja alikielekeza usoni mwake akafurahi sindano ya kipimo ilipocheza.

Asante kwa mapokezi ya Jumatatu. Sikutegemea meza iliyotandikwa kitambaa cha kudarizi wala wanawake waliovaa mavazi ya Jumapili siku ya kazi. Nilipokelewa kama askofu.

Sasa vipimo. Kwenye meza uliyonionyesha kuwa ni yako, ile ya dirishani, nilikilaza kipima-mwanga pale sindano inapogusa kitambaa, nikasimama mbali ili nisitie kivuli. Kilisoma luksi mia sita na ishirini. Mirija ni misafi, kuta ni nyeupe, na mwanga unaogonga ukuta mweupe haupotei, unarudi chumbani kusaidia. Nilimwandikia Bwana Arthur hivyo kwenye karatasi ya duka na kuiweka mkononi mwake. Nilikutafuta nikuambie wewe kwanza. Wakasema umetoka, na gari la Kiyovu lilikuwa linanisubiri.

Najua sicho ulichotaka. Lakini kama mwanga unatosha na mshono umepinda, kinachobaki ni jicho. Una miaka arobaini na sita. Baada ya arobaini jicho huanza kudai mwanga zaidi na zaidi kwa kazi ileile, na si aibu. Kamwone daktari wa macho. Huenda miwani itamaliza jambo hili lote.

Cassien


Gikondo
28 Machi 1992

Cassien,

Nilikuwa nimetoka, ndiyo. Nilikwenda Gisimenti kukununulia brosheti, mishikaki ya kula njiani. Niliporudi nikamkuta Bwana Arthur ameshika karatasi yako, akaisoma kwa sauti, polepole, kwa sababu ilikuwa na muhuri. Brosheti alizila Silvère, na aliuliza kwa nini leo tuna nyama.

Unasema kuta nyeupe. Kuta zile zilikuwa nyeusi tangu nilipoanza kazi hapa, kwa moshi wa pasi za mkaa. Jumapili ya kuamkia siku uliyokuja, baada ya misa, wanawake wote walirudi, wakaacha watoto kwa majirani, wakapaka chokaa mpaka jioni. Kaliza alipanda juu ya meza akafuta mirija kwa sabuni; maji yaliyotoka yalikuwa meusi kama kahawa. Dirisha langu liling'olewa likaoshwa vioo vyote. Asubuhi uliyokuja hatukuwasha pasi hata moja, ili koti lako lisinuke moshi. Hivi ulitaka tukupokee kwenye masizi? Ndugu wa mtu anatoka nchi nyingine kuja kuona kazi yake, unamkalisha kwenye uchafu? Mama angefufuka anichape.

Sasa na la pili, maana nimekasirika vya kutosha kulisema. Zile kanzu sita si zangu. Ni za Kaliza. Zilipokuwa zinakunjwa zipelekwe seminari niliona mishono, na kanzu zilikuwa zinangojewa mlangoni, hakukuwa na muda wa kufumua na kushona upya. Nikafumua nukta zake za kijani nikatia nyekundu. Nilijua akirudishiwa kanzu sita hatafika Jumatatu kabla ya kufukuzwa. Mimi mkubwa wa chumba, miaka kumi na minne, nilidhani Bwana Arthur ataguna tu. Nilipiga hesabu vibaya. Kaliza mwenyewe hajui. Anadhani bahati imemwangukia.

Nilipokuomba useme mwanga ni mbaya, nilikuomba uongo. Macho yangu hayana kitu. Nilijua utakunja pua, ndiyo sababu nikakuficha habari ya kanzu. Kwa hiyo kwa daktari wako nenda wewe, umwambie akutazame jicho lile lililoona ukuta wenye chokaa mbichi likanyamaza.

Mukunde


Bujumbura
3 Aprili 1992

Dada,

Barua hii na kifurushi hiki nampa Évode, dereva wa basi, kwa sababu posta ina macho mengi na Pasaka iko karibu.

Chokaa niliiona. Ilikuwa kwenye kitasa cha mlango na ilibaki mkononi mwangu. Nilifikiri patroni wako ndiye amepaka, kunidanganya mimi mpimaji. Wengi hufanya hivyo. Nikajiambia, nitapima nilichokikuta. Sikuwaza hata mara moja kwamba mmepaka kwa ajili yangu, kwa heshima. Naona aibu kwa hilo kuliko kwa karatasi.

Lakini karatasi nayo haifai. Nilipima Jumatatu mliyoigeuza sikukuu, na kanzu zilishonwa katika siku za kazi, pasi zikiwaka. Na tena umenipa meza ambayo si yenyewe. Ulinionyesha ya dirishani kwa sababu ulitaka niamini kanzu ni zako, nami nikapima mahali ambapo hazikushonwa. Kaliza anakaa pembeni, karibu na moshi, mbali na dirisha. Kama msichana wa miaka ishirini na tatu anapinda mshono, mimi siendi kwenye jicho lake kwanza. Naona kwamba uliniomba uongo ambao labda ni kweli.

Kuna jambo jingine ambalo sikulipima, na hili ni kosa langu peke yangu. Mwanga unaotua juu ya kitambaa ni kitu kimoja. Mwanga unaorudi kutoka kwenye kitambaa kuja jichoni ni kingine. Jicho halioni ule unaotua, linaona ule unaorudi. Kitambaa cheupe kinarudisha sehemu kubwa. Cheusi kinabaki nao. Meza mbili zinaweza kusoma luksi zilezile, juu ya moja ukaona kila uzi, juu ya nyingine ukawa kama unashona ndani ya shimo.

Kwenye kifurushi kuna kipima-mwanga. Ni mali ya tajiri wangu na hajui kiko wapi. Kilaze bapa juu ya kitambaa, jicho lake litazame juu. Ondoka karibu, ngoja sindano itulie, soma. Kisha kigeuze kitazame kitambaa, kutoka juu kiasi cha shubiri moja, bila kutia kivuli cha mkono. Fanya hivyo juu ya nyeusi na juu ya nyeupe, na kwenye meza zote, si yako tu. Pasi ziwe zinawaka. Msifute kitu.

Kwa Bwana Arthur nimeandika karatasi ya pili, iko humohumo. Inasema nilipima meza moja kati ya kumi na mbili, siku pasi zilipokuwa zimezimwa, na kwamba nafuta hukumu yangu mpaka chumba kizima kipimwe. Haimtaji mtu. Inasema pia kwamba mirija ishushwe kwa minyororo, ikae mkono mmoja juu ya meza. Balbu ya mviringo ukiisogeza nusu ya umbali unapata mwanga mara nne. Mrija mrefu hautoi mara nne, lakini mara mbili utapata, na minyororo iko tele kwenye karakana za jirani zenu.

Hatari naiona, na ni haki nikuambie. Bwana Arthur akikukalisha meza ya pembeni akuambie ushone, na ukashona sawasawa kwa sababu macho yako hayana kitu, atajua kwamba kosa si la mwanga wala si lako, na ataanza kumtafuta mwenyewe. Hilo siwezi kulipima kutoka hapa.

Cassien


Gikondo
9 Aprili 1992

Kifurushi nimekipokea. Évode alikificha chini ya mkungu wa ndizi. Bwana Arthur amesoma karatasi yako mara mbili, akaitazama mihuri, akasema atakuja mwenyewe Jumanne ya Wiki Kuu, mchana. Amesema, "Mi sipimi, mi nauza. Lakini nitaona."

Hatari uliyoitaja nimeifikiria na nimeamua. Usiniulize.

M.


Gikondo
21 Aprili 1992

Mdogo wangu Cassien,

Pasaka imepita na mimi bado niko mezani kwangu. Nimelisema mapema ili upumue. Mengine ni marefu.

Bwana Arthur alikuja Jumanne kama alivyosema. Mvua ilikuwa inanyesha, mlango umefungwa, pasi zote zinawaka, na chokaa yetu imekwishaanza kuwa rangi ya chai. Nilipima meza zote mbele yake. Yangu ya dirishani ilisoma mia tatu. Kadiri tulivyokwenda ndani sindano ilishuka, na pembeni kwa Kaliza ikasoma sabini. Hakuamini, akakishika kipima-mwanga yeye, akakiinamia, ikasoma arobaini. Nikamwambia arudi nyuma, ni tumbo lake linaloleta usiku. Akarudi nyuma, ikapanda ikafika sabini tena. Nyiramana alicheka, nafikiri ni mara ya kwanza mwaka huu.

Kisha nikakigeuza kitazame kitambaa cheusi. Sindano karibu haikuinuka. Nikatandaza kanzu nyeupe ya misa mahali palepale, taa zilezile, ikaruka kama iliyochomwa. Bwana Arthur akafanya mwenyewe, nyeusi, nyeupe, nyeusi, nyeupe. "Kumbe kitambaa inakula mwanga," akasema. Nikadhani tumemaliza.

Hatukuwa tumemaliza. Yule si mjinga. Akasema, "Lakini wewe unakaa dirishani, maman. Hii sita ulishonea wapi?" Nikasema siku za baridi ya mvua nilihamia pembeni, kufuata joto la mkaa. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini mimi nilihitaji ifike mita nane tu, kutoka dirishani mpaka pembeni. Akavuta kiti cha Kaliza. "Basi kaa hapa. Shona upande moja, mi naona."

Kaliza alikuwa anapiga pasi, hakuinua uso. Nilijua la kufanya. Nilikuwa nimelipanga tangu barua yako: nishone vizuri mwanzoni ili nionekane mkweli, nikifika usawa wa mfuko nianze kuupinda mshono, si sana, kama mtu anayejitahidi akashindwa. Halafu mirija ikishushwa nishone sawa. Wanawake wangepata taa, Kaliza angebaki, nami ningebaki. Uongo wa shubiri moja ya uzi. Niliomba msamaha kwa Mungu kabla, kwa sababu ilikuwa Wiki Kuu.

Nikaanza. Mstari wa chaki wa kufuata niliuona mpaka unapoingia chini ya mguu wa cherehani. Baada ya hapo ni uzi mweusi ndani ya kitambaa cheusi, na mkono unajua njia. Nilishona kama ninavyoshona siku zote, kwa uangalifu wangu wote. Nilipofika usawa wa mfuko nikasimama, nikainua kitambaa nione ni wapi pa kuanzia kuharibu.

Mshono ulikuwa umekwishapinda. Tangu karibu na ukosi, Cassien. Ulikuwa umeiacha chaki kwa upana wa kidole na unaendelea kuiacha, na mimi nilikuwa sijaanza.

Bwana Arthur aliufuata kwa kidole. Sijui uso wangu ulikuwaje, lakini aliniita dada badala ya maman, akasema pole. Akatuma mtu kwa mafundi wa gari, wakaja na minyororo, wakashusha mrija wa pale mpaka nikaweza kuugusa. Kipima-mwanga kikasoma mia moja na sabini. Nikashona upande wa pili, ukaenda kama rula. "Basi ni taa," akasema, kwa namna ya mtu aliyemaliza shauri. Ameagiza yote minne ishushwe, na pasi zitoke nje zikae chini ya paa la baraza. Zile kanzu sita hakuzitaja tena. Kaliza alinifuata kwenye beseni la maji, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba tangu Krismasi amekuwa akiogopa anapofuka, na alikuwa anabeba kanzu nyumbani ndani ya kitenge azifumue Jumapili juani. Na wengine wawili, wakasikia, wakasema hata wao. Chumba kizima kila mtu alikuwa kipofu peke yake, kwa siri, kwa sababu anayesema anatumwa nyumbani. Nimemkumbatia Kaliza na la nyuzi sijamwambia.

Nilifurahi, siwezi kusema sikufurahi. Hofu ilikuja baadaye, nikimenya viazi. Wao wana miaka ishirini na kitu. Wakipewa taa wameokoka. Mimi niliketi pale nikijua macho yangu ni mazima, nina uhakika wa kuuza, na sikuona mshono ukitoka njiani kwa kidole kizima. Kwenye meza ya dirishani nilikuwa nashona kwa dirisha na kwa vidole, na mwanga wa jua ulikuwa unanifichia. Ulinitajia daktari nikakutukana. Nitakwenda, kanzu hizi zikiisha. Silvère nitamwambia nikijua cha kumwambia.

Kipima-mwanga anakirudisha Évode kesho. Mwombee radhi tajiri wako au usimwambie kitu, wewe ndiye mwenye kupima.

Na jambo moja. Barua yako ya tarehe tatu niliisomea mlangoni, juani, nimeishika mbali mkono wote umenyooka. Nilidhani ni hasira. Utakapojibu, andika herufi kubwa.

Dada yako,
Mukunde